Ng'ombe wa Matiko Wamerudi

Benchi yetu iko Migori mjini, nje ya duka la vitambaa la Yakub, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda mtoni. Cherehani yangu iko kwenye veranda hiyo hiyo, kwa hivyo nikiwa na kazi nasikia yote, na nikikosa kazi nasikia zaidi. Anayetukusanya ni Mama Hodan, shemeji yake Yakub, na birika lake la kahawa ya tangawizi. Wa kwanza kufika huwa Kamusi. Jina lake ni Obare, alikuwa mwalimu mkuu mpaka akastaafu, lakini tunamwita Kamusi kwa sababu ana methali ya kila jambo na nyingi haziingii pale anapozitia. Wa pili ni London, fundi wa baiskeli, anayesikiliza redio ya Waingereza usiku na kutuletea habari asubuhi akiwa ameziongezea chumvi. Wa tatu ni Mzee Nyabuto, Mkisii, Msabato wa kweli. Wasabato hawanywi kahawa, kwa hivyo yeye hukaa kwenye benchi ya kahawa akinywa maji matupu yaliyochemka, na Maji Moto ndilo jina lake hadi leo. Asubuhi hiyo, mwezi wa tisa mwaka wa tisini na sita, wote walikuwepo lori la mifugo lilipopunguza mwendo kwenye matuta. London akasimama na kikombe mkononi.

London: Hizo si ng'ombe za Matiko?

Kamusi: Ng'ombe ni ng'ombe, bwana. Kaa chini.

London: Hapana. Ile nyeupe ya pembe imepinda ilipita hapa mwezi wa nne ikienda Lambwe. Maji Moto, si wewe uliiombea?

Maji Moto: Niliombea safari. Sikuombea ng'ombe. Lakini ndiyo yenyewe.

Mama Hodan: Lambwe ni huko nyuma. Hii lori inaelekea Kehancha.

London akakaa. Hapa kwetu, uwe Mjaluo, Mkuria ama Mkisii, unajua maana ya ng'ombe wa mahari kurudi kwa kina kijana na msichana yuko hai. Lori likapanda, likapotea kwenye kona, na hakuna aliyekunywa.

Maji Moto: Kwa hivyo baba ya msichana, Mzee Ogalo, amekataa.

Mama Hodan: Amekataa. Na amekataa kwa ajili ya maneno ya watu.

Matiko tulimjua wote. Kijana wa Kikuria kutoka Kehancha, mkaguzi wa kampuni ya tumbaku, anazunguka kwa wakulima na pikipiki, na jioni akirudi lazima asimame hapa. Mtu mpole. Shida yake ilikuwa uso. Msifikirie vile vipele vya ujana ambavyo mtu anapaka kitu na kusahau. Vyake vilikuwa vinundu, kama njugu zimezikwa chini ya ngozi, mashavuni, kwenye taya, vikateremka shingoni mpaka mgongoni. Vilipasuka, vikatoa damu, vikarudi mahali pale pale. Mimi nilijua zaidi ya wengine kwa sababu ya shati. Alinijia akaniomba nimshonee mashati ya rangi ya udongo, kola laini bila kitu ndani, maana kola ngumu ilikuwa inamkwaruza, akifika jioni imelowa damu. Kulala chali hakuweza, aliniambia. Kuvaa helmeti ilikuwa adhabu.

Benchi ilimpa mashauri yake yote. London alimwambia apake mafuta ya taa, akapaka, ngozi ikababuka. Kamusi alimkataza njugu. Maji Moto alimshika bega.

Maji Moto: Hiyo ni damu ya ujana, kijana wangu. Oa. Ukioa inatulia.

Basi alipompata Phelesia, Maji Moto alijihesabu mshenga. Phelesia ni wa Lambwe, Mjaluo, alikuwa anafundisha watoto wa nasari hapa mjini na kukaa kwa shangazi yake karibu na soko. Hakuwahi kuuliza habari ya uso. Matiko mwenyewe ndiye aliyekuwa anageuza shavu la upande mwingine akiongea naye, mpaka siku moja, alituambia akicheka, msichana akahamia upande ule mwingine na kuendelea na hadithi yake. Mwezi wa nne ng'ombe wakaenda.

Na mwezi wa tano ndipo daktari wa kampuni alipomtuma Kisumu kwa daktari wa ngozi. Akarudi na dawa ya kumeza, vidonge laini vyenye mafuta ndani, vya karibu nusu mwaka. Alikuwa anavimeza hapa hapa, na mandazi ya Mama Hodan, maana daktari alisema vinataka chakula. Siku ya kwanza tuliviangalia kama watu wanaoangalia ndege.

London: Nigawie kidogo. Niko na mtoto wa dada yangu, msichana, yuko Asumbi, kwa boarding. Uso umemharibikia, anakataa kurudi shule.

Matiko: Hii haigawanywi, mzee.

London: Dawa ni dawa.

Matiko: Daktari alinirudia hilo neno mpaka nikaona aibu. Msichana akimeza hii na ana mimba, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro mbaya sana.

London: Unasema mtoto wa dada yangu ana mimba?

Matiko: Sijasema hivyo. Nasema mpeleke kwa daktari aandikiwe yake.

Kamusi: Mgonjwa haulizwi uji.

Mama Hodan: Sasa hiyo inamaanisha nini, mwalimu?

Kamusi: Inamaanisha nilivyosema.

Matiko alitueleza yote, maana alikuwa mtu wa kueleza. Kwamba mwanzoni uso ungezidi kabla ya kupungua. Kwamba dawa inakausha mwili. Kwamba kila mwezi lazima apimwe damu, kwa sababu inaweza kusumbua ini. Na ikawa hivyo. Uso ulizidi. Midomo ikakauka, ikapasuka, ikabanduka kama rangi ya ukuta mzee. Pua ikawa inatoka damu. Macho mekundu, magoti yanamuuma akipiga pikipiki kiki. Akaanza kuvaa kofia pana kwa sababu jua lilikuwa linamchoma.

Sasa fikiria huo mwaka ulikuwa mwaka gani. Huku kwetu tulikuwa tunazika kila Jumamosi. Kijana akikonda watu hawakusema ukimwi. Walisema ni chira, kwamba amevunja mwiko wa mila, ama walisema ayaki, kwa Kijaluo, na sauti ikashuka. Kijana wa midomo iliyobanduka, anayemeza dawa kila siku na kutolewa damu kila mwezi, hakuhitaji kufanya jambo lingine.

Lakini akafanya. Mwezi wa saba mke wa dereva mmoja wa kampuni alikufa akijifungua, damu ikakosekana hospitalini. Kampuni ikaona haya, ikaomba wauguzi waje kwenye uwanja wa shule ya msingi, na kila mwenye moyo atoe damu. Mji ulijitokeza. Mimi nilikuwa kwenye mstari, Matiko alikuwa mbele yangu, mkono wa shati ameshaukunja. Kwa hivyo nilisikia.

Matiko: Sista, kabla hujanidunga, kuna dawa ya ngozi ninameza.

Akamtajia jina. Muuguzi hakuijua, akamwita daktari, daktari akaja akainama.

Daktari: Ukimeza hiyo huwezi kutoa damu. Ikienda kwa mama mjamzito, itadhuru mtoto. Maliza dawa, ngoja mwezi mzima, halafu uje. Asante kwa kusema.

Maneno yalikuwa ya chini, na ya heshima. Waliokuwa nyuma yetu hawakusikia hata moja. Walichoona ni kijana wa midomo iliyobanduka akirudishwa na daktari mwenyewe, akikunjua mkono wa shati, akitembea peke yake katikati ya uwanja. Mwezi wa nane Phelesia akaitwa nyumbani Lambwe. Na sasa, ng'ombe.

London: Mimi nimekasirika. Wallahi nimekasirika, na mimi si Mwislamu. Mtu anakataliwa kwa sababu ya pimpo.

Maji Moto: Si pimpo. Mimi nitawaambia. Homa Bay kuna mtu wa samaki, ana pickup, amemwona msichana. Mzee Ogalo ameona pickup na ameona pikipiki.

Mama Hodan: Umemwona huyo mtu?

Maji Moto: Sijamwona. Lakini pickup ziko.

Kamusi: Mwenye nguvu mpishe.

London: Wachana na pickup. Hii kitu ni kubwa. Mimi nauliza, kampuni ya tumbaku inalipia mtu dawa ya uso, kwa nini? Wanavuna uso? Sasa nisikilizeni. Tumbaku inafanywa nini ikitoka shamba?

Maji Moto: Inakaushwa.

London: Na Matiko amekauka wapi?

Maji Moto: Midomo.

London: Midomo, macho, pua, magoti. Wanajaribu kwa mmoja. Ikikubali, wanakausha wafanyakazi wote.

Mama Hodan: Kampuni inataka mtu mkavu afanye nini?

London: Mtu mkavu haombi chai. Hatoki kwenda choo. Anaingia kazi asubuhi anatoka jioni, hajapoteza hata dakika. Wazungu wamefikiria mbali.

Kamusi: Nyinyi mnachuma majani. Njooni kwa shina. Shina ni damu. Siku ile uwanjani, kabla hujadungwa, uliulizwa nini?

London: Jina.

Kamusi: Jina, kijiji, lokesheni, chifu wako. Na mwaka ujao kuna nini?

London: Uchaguzi.

Kamusi: Sasa. Damu ni nzito kuliko maji. Damu ya Migori iko Nairobi, ndani ya friji, inahesabiwa kata kwa kata. Matiko alikataa kuhesabiwa. Ndiyo maana wamempiga vita.

Maji Moto: Nani wamempiga vita?

Kamusi: Hao.

Maji Moto: Na Mzee Ogalo wa Lambwe anaingiaje kwa friji ya Nairobi?

Kamusi: Kikulacho ki nguoni mwako.

Akageuka akatazama suruali iliyokuwa kwenye cherehani yangu. Nikamwambia hiyo ni ya Yakub, inapunguzwa kiuno. Yakub akakohoa ndani ya duka.

Mama Hodan akaweka birika chini. Alikuwa anamimina, akaacha kikombe nusu.

Mama Hodan: Mmeenda Nairobi, mmeenda Uingereza, na hamjafika hapo uwanjani. Kijana alikuwa amekunja mkono. Angenyamaza, angedungwa, angepewa soda na biskuti, na leo ng'ombe wake wangekuwa wanakula nyasi Lambwe. Alisema ukweli ili mtoto wa mtu asiyemjua asizaliwe na kasoro. Hilo ndilo kosa lake. Hakuna lingine.

London: Si hiyo ndiyo tunasema, mama.

Mama Hodan: Hamsemi hiyo. Wewe Maji Moto, mara ya mwisho kumpa Matiko mkono ni lini?

Maji Moto: Mimi? Mimi nilikuwa na mafua.

Mama Hodan: Tangu mwezi wa saba?

Maji Moto: Mafua mengine ni marefu.

Mama Hodan: Na wewe London. Alileta baiskeli ya mdogo wake ukamwambia spoku zimekwisha. Jioni hiyo hiyo ukamfungia mtu mwingine spoku.

London: Zilikuwa za saizi ingine.

Mama Hodan: Na mwalimu anakuja siku hizi na kikombe chake kutoka nyumbani, kimefungwa na gazeti.

Kamusi: Hicho ni kikombe cha ukumbusho.

Nafikiri tungeanza kugombana kweli kweli, lakini pikipiki ikaingia, ikazimwa, na Matiko akashuka. Alivua kofia. Hilo lilitushangaza, kwa sababu hatukuwa tumemwona bila kofia kwa muda. Uso ulikuwa umetulia. Vinundu vimeshuka, vimeacha alama nyeusi na mashimo, lakini ngozi ilikuwa ngozi. Dawa ilikuwa inafanya kazi tangu siku nyingi, na hakuna mtu mjini aliyeangalia.

Maji Moto akampa mkono haraka, kabla ya mtu yeyote kusema kitu.

Maji Moto: Pole, kijana wangu. Tumeona lori.

Matiko: Kila mtu ameona lori.

Mama Hodan: Kaa. Kunywa kwanza.

Matiko: Jumapili nilienda Lambwe na mjomba wangu. Nilipima damu, mama, nikabeba majibu. Sina kitu. Mzee Ogalo alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema majibu yananunuliwa. Akasema yeye ameshazika mtoto mmoja, hatazika wawili. Akaingia nyumbani.

London: Umeona? Mtu ana majibu mkononi.

Matiko: Mimi nimekosa nini? Niambieni. Mimi si mtu wa kuzurura. Silali nje. Sinywi. Hapa mjini kuna wale mnaowajua, wanaotembea ovyo, na mimi nahesabiwa pamoja nao. Mimi si kama hao.

Kamusi: Hata kidogo.

London: Hao wanajulikana. Hao walijitafutia. Lakini mtu safi kama Matiko, aitwe mgonjwa wa ayaki, hiyo ni dhambi.

Maji Moto: Kuchafua jina la mtu safi ni dhambi kubwa. Wale wengine wanavuna walichopanda, lakini huyu hakupanda.

Matiko: Nifanywe kama hao. Mimi.

Sauti zilikuwa zimepanda, watu wa upande wa pili wa barabara wakawa wanageuka. Ilikuwa hasira nzuri, nisiseme uongo. Ilitupasha joto. Hatukumwona msichana mpaka alipopita kati yangu na benchi na kusimama, begi dogo mkononi, leso kiunoni, vumbi la njia mpaka magotini.

Phelesia: Hamjambo, wazee. Mama, shikamoo.

Matiko akasimama. Mama Hodan akampisha msichana mahali, lakini hakukaa.

Mama Hodan: Marahaba, binti yangu. Umetoka Lambwe leo?

Phelesia: Nimetoka alfajiri. Baba hajui. Mama anajua.

Kamusi: Karibu, karibu sana. Umekuja wakati mzuri. Tangu asubuhi tunamtetea mchumba wako hapa.

Phelesia: Nimesikia. Nilikuwa hapo kwa mlango wa Yakub.

Maji Moto: Basi tuambie, binti. Ni nani huyo alimpelekea baba yako uongo? Tumtafute.

Phelesia: Watu watatu. Mmoja alimwambia sokoni, mwingine kwa posho mill akisaga unga, mwingine kanisani. Kila mmoja alisema amesikia kwa benchi ya kahawa, Migori, nje ya duka la Yakub.

London akachungulia ndani ya kikombe chake.

London: Benchi za kahawa ziko nyingi.

Phelesia: Sikuja kwa sababu ya hiyo, mzee. Maneno yalishafika, yamefika. Nimekuja kumwona Matiko. Lakini sasa nimesimama pale nimewasikia, na kuna kitu lazima niseme.

Hakuwa analia. Aliongea vile nadhani anaongea na watoto wake wa nasari, polepole, bila kupandisha.

Phelesia: Yule mtoto baba alizika alikuwa kaka yangu. Javan. Alikuwa karani Kisumu, akarudi nyumbani mwaka juzi akiwa nao. Mimi ndiye nilikuwa namwosha. Njia ya kwenda kisimani inapita mbele ya boma yetu, na watu wakaanza kupitia nyuma, ndani ya miiba, ili wasitusalimie. Siku ya mazishi tulipika, mnajua vile matanga yanapikiwa. Sufuria zilirudi jikoni zimejaa. Baba alisimama hapo akaziangalia. Hiyo ndiyo anaogopa. Hakuna mtu wa pickup.

Maji Moto: Pole, binti.

Phelesia: Asante, baba. Wewe ni mtu wa kwanza kutoka Migori kunipa pole. Sasa nauliza kitu kimoja, halafu sitawasumbua. Matiko ana chunusi, na nyote mmekasirika kwa ajili yake. Nashukuru. Lakini kama angekuwa nao kweli, hapa kwa hii benchi angekaa wapi?

Mimi nikasimamisha mguu juu ya pedali.

London alitazama ubao wa benchi, mwanzo hadi mwisho, kana kwamba nafasi ni jambo la kupima. Maji Moto alikuwa ameushika ule mkono wake aliompa Matiko, ameuweka juu ya goti. Kamusi akasafisha koo.

Kamusi: Wahenga walisema...

Mama Hodan akamtazama, naye akaacha hapo.

Phelesia akamgeukia Matiko.

Phelesia: Na wewe. Umesema wewe si kama hao. Umesema mara mbili. Javan ni hao.

Matiko: Sikumaanisha Javan.

Phelesia: Ulimaanisha nani?

Midomo ya Matiko ilikuwa bado imekauka, na alipoifungua ilipasuka kidogo pembeni, akapangusa damu na nyuma ya mkono.

Matiko: Niliogopa. Wewe uliniambia habari ya kaka yako siku ile tukitoka sokoni, na nilikuwa nasema pole huku naogopa. Ningekuwa nao, sijui ningefanya nini. Ningekuwa wewe, sijui kama ningemwosha. Sijui, Phelesia. Hiyo ndiyo kweli yangu.

Phelesia: Basi hapo tunaweza kuanzia.

Matiko: Kuanzia nini?

Phelesia: Jumapili, wewe na mjomba wako mlipofika, mlimpa baba pole ya Javan?

Matiko: Tulimpa majibu.

Phelesia: Ndiyo. Mlifika nyumbani kwa mtu aliyezika, mkamwonyesha kwamba ninyi ni wazima. Washa pikipiki. Twende sasa, tufike mchana. Utakaa chini, na hutasema wewe si kama hao. Utasema pole, na utangoja. Akikufukuza, amekufukuza.

Matiko: Na wewe?

Phelesia: Mimi nitakuwa nimekaa pale pale.

Akapanda nyuma, begi katikati. Matiko alivaa kofia, akaivua, akampa yeye kwa sababu jua lilikuwa limekuwa kali, akapiga kiki. Waliteremka kuelekea mtoni, daraja, halafu njia ya Rongo. Siwafichi mwisho wake: Mzee Ogalo aliwaacha wakae uani mpaka jioni, akatoka, akakaa nao, akawa anamweleza Matiko habari za mwanawe toka utotoni, na usiku huo walilala huko. Harusi ilikuwa Disemba. Lakini sisi hatukujua hayo asubuhi ile. Sisi tulibaki na swali.

London akasema ameacha kibanda chake cha baiskeli wazi, jambo ambalo hakuwahi kulijali. Maji Moto alikunywa maji yake mpaka tone la mwisho, akarudisha kikombe mwenyewe mpaka kwa jiko, akaondoka bila kuaga. Kamusi alikuwa wa mwisho. Alikifunga kikombe chake kwenye gazeti, akakifungua, akakifunga tena, kisha akakiweka chini ya benchi na kwenda zake bila hicho.

Nikabaki na Mama Hodan. Ndani ya duka Yakub alikuwa na redio, na nadhani ilikuwa inaongea tangu asubuhi.

Mama Hodan: Fundi, wewe hukumjibu msichana.

Mimi: Hakuniuliza mimi.

Mama Hodan: Alisema hapa kwa benchi.

Mimi: Mama, mimi sikai kwa benchi. Mimi nakaa kwa kiti cha cherehani.

Alinitazama. Nikadhani atasema kitu, na nikawa nimeshatayarisha jibu lake. Akainua birika, lilikuwa tupu, akamwaga machicha mtaroni, akaingia ndani.